Fleti ni vyumba, fleti ni jengo: uzoefu wa kununua katika mtaa unaobadilika

Anayetafuta fleti katika mtaa unaopanda chati hukutana na hofu kabla hajakutana na nyumba. Mtaa uliokuwa wa maghala na karakana sasa una migahawa, studio za picha na viwanja vilivyozungushiwa mabati. Dalali anapiga simu: wapo wanunuzi wengine wawili, na mmoja analeta pesa kesho. Bei ya mwezi uliopita haipo tena. Hofu hiyo ya kupitwa huwafanya watu makini kabisa watoe arubuni, yaani malipo ya kutangulia, kwa fleti waliyoiona kwa dakika 20, mchana, jua likiwaka, bila kufungua hata bomba moja.

Nayaandika haya kwa ajili ya mtu aliye hapo sasa. Nitafuata safari inavyokwenda, tangu kuchagua mtaa hadi mwaka wa kwanza wa kukaa, na nitakawia pale ambapo pesa nyingi hupotea.

Mwenye fleti hununua vitu viwili kwa malipo mamoja. Cha kwanza ni vyumba vyake. Cha pili ni hisa katika jengo: msingi, nguzo, paa, lifti, mabomba, madeni yaliyopo, na majirani watakaopiga kura pamoja naye kuhusu hayo yote. Jimbo la New South Wales nchini Australia lilipitisha mwaka 1961 sheria iliyompa mwenye fleti hati yake binafsi huku sehemu za pamoja zikibaki mali ya wamiliki wote, na nchi nyingi zimefuata mfumo wa namna hiyo. Wanunuzi wengi hukagua kitu cha kwanza kwa makini sana: vigae, makabati, mwanga wa sebuleni. Hasara zinazovunja watu hutoka kwenye kile cha pili.

Mtaa kwanza

Mwaka 1964 mwanasosholojia Ruth Glass alieleza jinsi mitaa ya wafanyakazi jijini London ilivyokuwa ikichukuliwa na watu wa tabaka la kati, nyumba baada ya nyumba, mpaka sura ya mtaa mzima ikageuka. Mwendo huo haujabadilika sana. Huja kwanza wanaotafuta kodi nafuu na nafasi kubwa, zikafuata biashara ndogo, halafu wajenzi wenye mitaji, na mwisho wenyeji wa zamani wanashindwa kodi na kuondoka. Mnunuzi anapaswa kujua yuko hatua ipi, kwa sababu bei inayotajwa mara nyingi ni ya hatua ambayo mtaa haujafika bado.

Tenganisha kilichoamuliwa na kinachoahidiwa. Kituo cha treni kilichochorwa kwenye brosha hakina thamani mpaka bajeti ipitishwe, mkandarasi apatikane na kazi ianze. Bustani ya High Line jijini New York, iliyojengwa juu ya reli iliyoachwa, ilipofunguliwa mwaka 2009 ilibadilisha kabisa thamani ya majengo yanayoizunguka. Mifano kama hiyo ndiyo inayouza brosha. Miradi iliyobaki kwenye karatasi ni mingi vilevile, ila hiyo hakuna anayeitaja.

Nenda ofisi ya mipango miji mwenyewe. Uliza mambo matatu: ramani ya matumizi ya ardhi inaruhusu nini hapa, urefu wa juu kabisa unaoruhusiwa ni ghorofa ngapi, na ni maombi gani ya vibali vya ujenzi yaliyopo katika viwanja vya jirani. Jibu la swali la tatu ni muhimu kuliko mawili ya kwanza. Ghorofa moja huchukua takribani mita 3, kwa hiyo jengo la ghorofa 10 litakalosimama mita 12 kutoka dirishani kwako ni ukuta wa mita 30. Mandhari unayoionea fahari leo si mali yako. Katika sheria za nchi nyingi hakuna anayemiliki mandhari inayopita juu ya kiwanja cha mwingine. Mtaa wenye viwanja wazi una maana nyingine pia: miaka kadhaa ya vumbi, malori na kelele za kuchimba. Kiwanja wazi kikiwa kinapakana na jengo lako, piga picha zenye tarehe za kuta na sakafu kabla jirani hajaanza kuchimba msingi. Bila picha hizo huwezi kuthibitisha kuwa ufa haukuwepo.

Tembelea mtaa kwa saa zisizopendeza. Saa sita usiku wa Ijumaa. Saa kumi na mbili asubuhi siku ya kazi, magari ya taka na ya mizigo yanapopita. Siku ya mvua kubwa, uone maji yanasimama wapi na maegesho ya chini yakoje. Kelele za sauti za watu huzuiwa kwa kiasi na dirisha zuri, lakini mdundo wa besi kutoka baa ya chini husafiri ndani ya zege na nguzo, na dirisha la aina yoyote haliuzuii. Kama ghorofa ya chini ni ya biashara, soma kanuni za jengo zinaruhusu biashara gani. Duka la vitabu la leo linaweza kuwa ukumbi wa muziki mwaka ujao, na kama kanuni hazikatazi, hutakuwa na pa kulalamikia.

Wapo wanaonunua wakitegemea kupangisha kwa wageni wa siku chache ili walipie mkopo. Hesabu hiyo inaweza kufutwa kwa uamuzi mmoja wa jiji. New York ilibana sana upangishaji huo kuanzia Septemba 2023 kwa kulazimisha usajili. Barcelona ilitangaza mwaka 2024 kwamba haitahuisha leseni za fleti za watalii baada ya Novemba 2028. Hata pale jiji lisipokataza, kikao cha wamiliki kinaweza kukataza. Fanya hesabu kwa kodi ya mpangaji wa kawaida wa mwaka mzima. Ikikataa kukaa sawa, fleti hiyo ni ghali kwako.

Ndani ya fleti

Hapa sitakaa sana, kwa sababu vyumba ndivyo watu huvikagua wenyewe. Yapo machache wasiyoyaangalia.

Pima ukubwa kwa kipimo chako. Mita za mraba za tangazo zinaweza kuwa zimejumlisha unene wa kuta, roshani, hata fungu la korido na ngazi. India ilipitisha sheria mwaka 2016 inayowalazimisha wajenzi kutaja eneo halisi la ndani, kwa sababu ya udanganyifu huo huo. Linganisha fleti mbili kwa eneo la ndani tu, ukuta hadi ukuta.

Jaribu maji kwenye saa za matumizi makubwa, kama saa mbili usiku. Fungua bomba la bafuni ukiwa na ndoo ya lita 10 na saa mkononi. Ikijaa ndani ya dakika moja, mtiririko ni mzuri. Ikichukua dakika tatu, kuoga kutakuwa taabu ya kila siku. Kisha fungua bomba la jikoni na kuvuta choo kwa pamoja, uone bomba la bafuni linashuka kiasi gani. Ghorofa ya juu kabisa ndiyo yenye tatizo mara nyingi, na sababu yake ni ya kifizikia: kila mita 10 za kimo cha maji hutoa presha inayokaribia angahewa 1, kwa hiyo tangi lililo mita 3 juu ya bomba lako hutoa theluthi moja tu ya hiyo. Bila pampu ya kuongeza presha, hakuna fundi atakayelitatua tatizo hilo kwa kubadilisha bomba.

Unyevu hufichwa kwa rangi. Pembe moja ya dari iliyopakwa rangi mpya katika chumba chenye rangi ya zamani ni swali la kuuliza papo hapo. Sogeza kabati lililogusa ukuta wa nje. Nusa ndani ya kabati lililo chini ya sinki. Kwenye kisanduku cha umeme tafuta kikata umeme chenye kitufe kilichoandikwa T, kinachokinga mtu dhidi ya mshtuko. Kwa kawaida huwa cha miliampia 30. Mwombe mwenye nyumba akibonyeze. Umeme usipokatika, kinga hiyo haipo. Waya zenyewe mwachie fundi umeme.

Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta ni za kawaida. Zinazotisha ni zinazokwenda mshazari kutoka pembe za madirisha na milango, zinazopita ukuta hadi upande wa pili, au zilizofikia upana wa milimita 5 na zaidi. Ufa wa namna hiyo ni kazi ya mhandisi wa majengo, na ada yake ni ndogo mno ukilinganisha na unachokaribia kulipa. Mkaguzi atafutwe na alipwe na wewe. Aliyeletwa na dalali ana sababu ya kutaka biashara ifungwe.

Jengo

Shuka kwenye maegesho ya chini kabla ya kupanda kuona fleti. Tazama dari. Michirizi myeupe inayoning'inia kama vijiti vidogo vya chokaa ina maana maji yamekuwa yakipenya kwenye zege kwa muda mrefu. Madoa ya rangi ya kutu yana maana maji hayo yamefika kwenye nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na zege lililoizunguka hupasuka na kubanduka vipande. Gonga nguzo kwa mpini wa bisibisi: zege zima hutoa mlio mkavu na mkali, lililoachana na nondo hutoa mlio wa kitu chenye uwazi ndani. Ukisikia uwazi mahali pengi, ondoka au mlete mhandisi.

Kisha omba karatasi za umoja wa wamiliki, au za kampuni inayosimamia jengo: hesabu za miaka 3, mihtasari ya vikao vya miaka 3, kanuni za jengo, hati ya bima, ripoti ya mwisho ya mhandisi, na idadi ya fleti zinazodaiwa tozo, yaani malipo ya kila mwezi ya kuendesha na kutunza jengo. Muuzaji akisema hazipatikani, muulize yeye mwenyewe hupokea nini kila mwaka baada ya kulipa tozo zake.

Soma mihtasari kwa makini kuliko hesabu. Hesabu huonyesha kilicholipwa, mihtasari huonyesha kilichoahirishwa. Tafuta maneno yanayorudi: paa, pampu, lifti, ufa, kesi. Jambo lililojadiliwa katika vikao vitatu na kusogezwa mbele mara tatu ni ankara inayomsubiri mmiliki ajaye, ambaye ni wewe. Kisa cha Champlain Towers South huko Surfside, Florida, kinapaswa kusomwa na kila anayenunua fleti. Jengo hilo la ghorofa 12 lilijengwa mwaka 1981. Mwaka 2018 mhandisi aliandika kwamba kizuizi cha maji, yaani tabaka la kuzuia maji yasipenye kwenye zege, chini ya eneo la bwawa la kuogelea kimefeli na zege la chini yake limeharibika vibaya. Wamiliki walibishana kuhusu gharama kwa miaka miwili na ushee. Michango ya ukarabati ilikuwa ianze kulipwa Julai 2021. Sehemu ya jengo iliporomoka usiku wa Juni 24, 2021, na watu 98 wakafa. Mwaka uliofuata Florida ilitunga sheria ya kukagua majengo ya fleti ya ghorofa 3 na zaidi yanapofikisha miaka 30, na kulazimisha akiba ya matengenezo makubwa. Matengenezo yalisogezwa mbele kwa sababu hakukuwa na akiba ya kutosha, na akiba haikutosha kwa sababu wenye fleti hawapendi tozo kubwa. Hali hiyo ipo katika majengo mengi sana, kila mahali.

Kwa hiyo tozo ndogo ya mwezi isikufurahishe. Lifti hudumu takribani miaka 20 hadi 25 kabla ya kuhitaji kubadilishwa au kufanyiwa ukarabati mkubwa. Kizuizi cha maji cha paa la bapa hudumu miaka 15 hadi 25, na pampu miaka 10 hadi 15. Jengo lenye miaka 22, lifti zile zile, paa lile lile, na mfuko wa akiba mtupu linakudai hata kabla hujahamia. Hesabu yake si ngumu. Tafuta hisa yako katika jengo, ambayo huandikwa kwenye hati au mpango wa jengo. Ikiwa ni asilimia 2.5, utabeba moja ya arobaini ya kila gharama kubwa. Pata makadirio ya lifti na paa, gawanya kwa 40, halafu ondoa kiasi hicho kwenye bei utakayotaja. Muuzaji anaweza kukataa, lakini hawezi kusema hesabu si ya kweli.

Kiwango cha wadaiwa nacho kinasema mengi. Nchini Marekani shirika la Fannie Mae, linalonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, halikubali kwa kawaida jengo ambalo zaidi ya asilimia 15 ya fleti zimechelewa kulipa tozo kwa siku 60 au zaidi. Unaweza kutumia kipimo hicho hata pale sheria isipokulazimisha. Majirani wasipolipa, wanaolipa ndio hubeba dizeli ya jenereta na mshahara wa mlinzi.

Jengo jipya si kinga. Opal Tower jijini Sydney, lenye ghorofa 36, lilikamilika mwaka 2018 na wakazi wake wakaondolewa mkesha wa Krismasi wa mwaka huo huo baada ya nyufa kutokea. Miezi sita baadaye, mji huo huo, wakazi wa Mascot Towers, jengo la fleti 132 lenye umri wa miaka kumi hivi, nao walitolewa. Walioumia zaidi waliendelea kulipa mkopo wa fleti wasizoweza kuzikalia. Wala tatizo si lazima liwe la nguzo. Baada ya moto wa jengo la fleti la Grenfell jijini London, Juni 14, 2017, uliowaua watu 72, ilibainika kuwa majengo mengi Uingereza yalifunikwa nje kwa vifaa vinavyoshika moto. Wakopeshaji wakaanza kudai cheti cha usalama wa kuta za nje, na fleti nyingi zikawa haziuziki kwa muda mrefu. Uliza ukuta wa nje umefunikwa kwa kitu gani, na uulize kwa maandishi.

La mwisho kuhusu jengo: nani ana kura nyingi? Mjenzi ambaye bado anamiliki zaidi ya nusu ya fleti huamua kampuni ipi isimamie jengo na kwa bei gani, na mara nyingi kampuni hiyo ni yake. Mwekezaji mmoja mwenye fleti nyingi za kupangisha atapinga kila mchango. Jengo lenye wamiliki wengi wanaokaa humo humo, wanaobishana vikaoni na kuandika mihtasari mirefu, kwa maoni yangu ndilo la kununua.

Hati na pesa

Wakili awe wako peke yako. Wakili mmoja kwa pande mbili ni akiba ndogo inayoleta hasara kubwa. Kazi yake ya kwanza ni upekuzi kwenye ofisi ya msajili: jina la mmiliki, rehani, zuio la mahakama, muda uliobaki kama umiliki ni wa miaka maalumu. Muda huo una uzito. Fleti yenye miaka 99 iliyobakiwa na 45 si sawa na yenye 95. Benki nyingi zitaikataa au kufupisha mkopo. Uingereza wapo wamiliki waliojikuta na mikataba ambayo kodi ya ardhi ndani yake, inayolipwa kwa mwenye ardhi, huongezeka mara mbili kila miaka 10, hali iliyochangia kupitishwa kwa sheria ya mwaka 2022 ya kufuta kodi hiyo kwa mikataba mingi mipya. Soma kila kifungu chenye neno "kuongezeka".

Hakikisha namba ya fleti kwenye ramani iliyosajiliwa ndiyo namba iliyo mlangoni. Hilo linaonekana dogo, lakini makosa ya kupishana namba katika majengo mapya yapo, na kuyarekebisha baada ya malipo ni kazi ya mahakama. Uliza vivyo hivyo kuhusu maegesho na stoo: yamo kwenye hati, au ni ruhusa tu inayoweza kuondolewa? Fahamu pia unanunua nini hasa. Katika majengo mengi ya New York mnunuzi hupata hisa za kampuni pamoja na haki ya kukaa, na bodi ya jengo inaweza kumkataa bila kueleza sababu. Barua ya kutodaiwa kutoka kwa umoja wa wamiliki ipatikane kabla ya malipo ya mwisho, maana katika sheria za sehemu nyingi deni la tozo hubaki na fleti, halimfuati muuzaji.

Arubuni iende kwenye akaunti ya amana ya wakili au taasisi inayoshikilia pesa za pande mbili, kamwe isiende mkononi mwa dalali. Mkataba uandike bayana kwamba inarudishwa ikiwa hati ina kasoro, benki imekataa, au mhandisi amegundua tatizo la muundo wa jengo. Jihadhari na barua pepe inayokuja siku ya malipo kusema akaunti imebadilika. Wezi huingia kwenye mawasiliano ya mawakili na kungoja siku hiyo. Mpigie wakili kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, asome namba ya akaunti kwa sauti yake, ndipo utume.

Benki itatuma mthamini. Katika mtaa ambao bei zinakimbia, thamani yake mara nyingi huwa chini ya bei mliyokubaliana, kwa kuwa yeye hutazama mauzo yaliyokwisha kamilika, naye muuzaji hutazama matangazo. Benki hukopesha kwa thamani ya mthamini, na pengo ni lako. Juu yake kuna kodi ya uhamisho, usajili, wakili, ukaguzi, bima na ada za mkopo. Kodi ya uhamisho peke yake jijini Berlin ni asilimia 6 ya bei. Jumlisha zote kabla ya kusema una uwezo.

Pima na riba ikipanda. Mkopo wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 8 ukihamia asilimia 11, malipo ya mwezi hupanda kwa karibu asilimia 23. Kama ongezeko hilo litakunyima usingizi, punguza mkopo au tafuta fleti ndogo. Bakiza pia akiba ya miezi 6 ya malipo baada ya kununua. Mnunuzi anayemaliza senti ya mwisho siku ya kupokea funguo hana cha kulipa pampu ikiharibika, na majirani hawatamngoja.

Ukinunua kabla jengo halijakamilika, mambo mawili ni ya lazima. Pesa zilipwe kwa hatua za ujenzi zilizothibitishwa na mtaalamu, kupitia akaunti ya mradi ambayo mjenzi hawezi kuitumia kwa mradi mwingine. Dubai iliweka hilo kisheria mwaka 2007. La pili, ikiwa kiwanja kizima kimewekwa rehani, upate barua ya benki ya mjenzi ikiahidi kuiachia fleti yako ukimaliza kulipa. Pasipo barua hiyo, mjenzi akifilisika benki yake inakutangulia. Mkataba utaje pia tarehe ya mwisho kabisa ambayo baada yake unaweza kujitoa na kurudishiwa pesa zote.

Watu waliomo

Fleti nyingi katika mitaa hii zinauzwa zikiwa na mpangaji ndani. Anaweza kuwa mtu aliyekaa humo miaka mingi, ambaye watoto wake wanasoma mtaa huo huo. Nchini Ujerumani mkataba wa pango huendelea hata nyumba ikiuzwa, na Berlin mpangaji ambaye fleti yake iligeuzwa kuwa ya kuuzwa akiwa tayari anaishi humo analindwa kwa miaka 10 asiondolewe kwa sababu ya mmiliki mpya kutaka kukaa. Mnunuzi asiyeuliza hilo amenunua nyumba asiyoweza kuilala kwa muongo mmoja. Usikubali ahadi ya mdomo ya muuzaji kuwa "atatoka tu". Soma mkataba wake, zungumza naye kwa heshima, na ikibidi aondoke, muda na fidia viandikwe naye akiwa huru kukataa. Kumtisha mtu atoke ni dhuluma, na katika miji mingi ni kosa la jinai. Mpangaji wa zamani ndiye pia anayelijua jengo vizuri kuliko dalali yeyote: atakuambia maji hukatika lini na lifti hukwama ghorofa ipi.

Kupokea funguo na mwaka wa kwanza

Ukaguzi wa makabidhiano ufanyike mchana. Fungua mabomba yote kwa dakika 15, halafu angalia chini ya kila sinki. Mwaga ndoo ya maji kwenye sakafu ya bafu na roshani. Mteremko wa kutosha ni milimita 10 kwa kila mita, na maji yanayosimama pembeni badala ya kwenda kwenye tundu yataishia kwenye dari ya jirani wa chini. Fungua na kufunga kila dirisha. Chomeka taa kwenye kila soketi. Piga picha mita za maji na umeme zikionyesha namba, kisha badilisha vitasa siku hiyo hiyo. Kasoro zote ziandikwe, zisainiwe na pande zote mbili, na sehemu ya malipo izuiwe mpaka zirekebishwe kama mkataba unaruhusu.

Miezi ya kwanza inachosha. Kelele za jengo jipya la jirani, ankara ambazo hazikuwa kwenye mpango, na lile swali la usiku kama umelipa kupita kiasi. Wengi huanza kuvunja kuta wakati huo, ili angalau fleti ifanane na waliyoiota. Afadhali subiri msimu mmoja wa mvua upite. Mvua itakuonyesha panapovuja kabla hujafunika kwa dari mpya. Ukuta wowote usivunjwe bila mchoro wa mhandisi na kibali cha umoja wa wamiliki, wala bafu lisihamishiwe juu ya chumba cha kulala cha jirani.

Kwa jengo jipya, jua tarehe ambayo dhamana ya mjenzi inaisha. Kwa kasoro ndogo mara nyingi huwa miezi 6 au 12, kwa muundo wa jengo huwa ndefu zaidi. Mwezi mmoja kabla ya tarehe hiyo, pita na mkaguzi fleti nzima, na uwashawishi majirani mfanye hivyo kwa paa na maegesho pia, kwa sababu sehemu za pamoja hazina mtu mmoja wa kuzidai. Barua ya madai ifike kabla ya siku ya mwisho, ikiwa na picha na saini ya aliyeipokea.

Kisha nenda kwenye kikao cha kwanza cha mwaka. Omba hesabu wiki mbili kabla, uzisome, na uulize mambo matatu ukiwa umesimama: mfuko wa akiba una kiasi gani, kitu gani kikubwa kitahitaji kubadilishwa ndani ya miaka 5, na nani amekikadiria. Kama hakuna aliyekikadiria, toa hoja kwamba mhandisi aajiriwe mwaka huo kufanya makadirio hayo, na usiondoke kabla hoja haijapigiwa kura na kuandikwa kwenye muhtasari.